Mama Aliyesema Ni Yeye

Leonsia hakuzaliwa Mwanza, aliletwa na ndoa. Mumewe, Rugambwa, alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba. Alimtoa kwao Muleba, kwenye migomba na mibuni, akamweka Pasiansi katika nyumba ya vyumba viwili ambayo madirisha yake yanaliangalia ziwa. Mwanzoni Leonsia alikuwa hapati usingizi kwa sababu ya maji. Alisema ziwa linakoroma kama mtu aliyelewa. Baadaye akalizoea. Binadamu huzoea hata jiwe ndani ya kiatu, mradi lisiwe kubwa.

Alibeba mimba nne. Tatu zilimwacha mikono mitupu. Ya nne ikamletea Muganyizi, na Muganyizi akakaa. Rugambwa alipokufa, ndugu walimpeleka kwao Muleba, maana Mhaya anaweza kuishi popote lakini hulala kwenye kibanja chake, katikati ya migomba ya baba zake. Leonsia akarudi Pasiansi na mtoto, akaanza kuuza ndizi sokoni Mabatini, ndizi zile zile za kwao, zinazokuja na malori. Alikuwa akizipokea kama mtu anayepokea wageni, anazigeuza, anazipangusa vumbi, ndipo anazipanga chini kwenye turubai.

Mtoto akasoma. Akamaliza chuo cha ualimu, wakapiga picha na joho, picha ikatundikwa karibu na msalaba. Kisha akakaa kungoja ajira. Ukapita mwaka, ukafuata mwingine. Asubuhi anapiga pasi shati, jioni analikunja. Siku moja Leonsia, amerudi amechoka na jua la Mabatini, akasema neno ambalo mama yeyote angeweza kulisema.

"Baba, kungoja nako ni kazi, ila haiivishi chungu. Wenzako wako mwaloni."

Hakuwa na ubaya moyoni. Kijana akainuka, akaenda mwaloni, kule ufukweni inakoegeshwa mitumbwi ya wavuvi.

Huko akajifunza kuvua dagaa. Uvuvi huo hufanywa siku za giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wanawasha taa juu ya maji na dagaa wanaifuata taa. Baridi ya huko ni ya kuingia mifupani. Leonsia akamtafutia sweta la mtumba pale Mlango Mmoja, la kijani, zito. Halikumaliza mwezi, mkono mmoja ukaungua kwenye jiko la mkaa mtumbwini. Mama akalishona mwenyewe, kwa uzi wa kahawia kwa kuwa wa kijani ulikuwa umemwishia. Kiraka kikakaa pale kama kovu la ndui. Wenzake wakamtania Muganyizi kuwa yeye ndiye mvuvi pekee mwenye cheo mkononi. Walimwita Mwalimu.

Mtumbwini walikuwa watatu. Muganyizi, na Mihayo, kijana wa Kisukuma kutoka upande wa Sengerema, na Luhaga, mkubwa wao, aliyekuwa anajua maji kuliko wote. Upepo ukawakuta mbali. Kulipokucha, mtumbwi ulionekana umepinduka, unaelea kama mgongo wa kiboko. Watu hawakuonekana.

Mama wawili wakaja kukaa mwaloni. Leonsia alitoka Pasiansi, na Selina, mama yake Mihayo, alivuka kutoka Sengerema na khanga moja tu. Hawakujuana kabla. Walikaa juu ya jiwe moja pana, wanaangalia maji, na wanawake wanaoanika dagaa wakawa wanawaletea uji.

"Wako anapenda kula nini?" Selina aliuliza, kana kwamba watoto wamechelewa chakula tu.

"Ndizi. Ugali anasema unamkaba."

"Wangu ndizi anasema ni tunda, si chakula cha mtu. Sijui huko mtumbwini walikuwa wanapika nini."

"Walikuwa wanagombana. Hiyo ndiyo ilikuwa mboga."

Wakacheka wote wawili, halafu wakaona aibu ya kucheka. Selina akamshika Leonsia mkono, akamwambia waombe. Wakaomba. Huyu Mkatoliki na yule wa kanisa la mabati la kijijini kwao, kila mmoja na maneno yake, ombi likiwa moja.

Siku zikapita. Kisha mwili mmoja ukatolewa kwenye mafunjo, na habari iliyokuja mwaloni ilikuwa kwamba maiti amevaa sweta la kijani. Leonsia akainuka kwenye jiwe. Selina akamfuata.

Kwenye chumba cha maiti mhudumu alimtazama Leonsia kwa huruma, akamwambia mapema kwamba uso hautamsaidia. Maji na samaki walikwisha kufanya kazi yao. Kweli uso haukumsaidia. Akaangalia sweta. Akaangalia mkono wa sweta, akauona uzi wake wa kahawia, mshono wake mwenyewe. Kisha macho yakateremka, kama macho yanavyofanya bila kutumwa, yakafika kwenye mguu wa kushoto.

Pale palikuwa na kovu refu, la zamani, limenyooka kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo, na vitundu vya nyuzi huku na huku.

Muganyizi hakuwa na kovu. Leonsia alikuwa ameiogesha miguu ile, akaipaka mafuta, akaifunga kamba za viatu. Jicho liliona. Moyo ukatupa shuka juu ya jicho. Akajiambia, ni mawe hayo. Akajiambia, maji yana mambo mengi. Na nyuma ya maneno hayo lilikuwepo lingine ambalo hakulitamka hata ndani yake. Kama huyu siye, basi sina kitu. Nitarudi kwenye jiwe lile, nitaangalia maji mpaka nife, na mwanangu hatakuwa na mahali.

"Mama," mhudumu akasema, "ni yeye?"

"Ni yeye."

Nje, Selina alikuwa amesimama mlangoni. Hakuomba kuingia. Na hapa usimlaumu, maana Msukuma au Mhaya au Mkerewe, mtu yeyote wa pwani ya ziwa lile, hana sura ya kuingia kumchungulia maiti ambaye mama amekwisha kumpokea. Ni kama kumwambia mwenzio kwamba hamjui mtoto aliyemzaa. Selina alimkumbatia tu.

"Nenda kamlaze mwanao, mayu," akamwambia, akimwita mama kwa Kisukuma. "Mimi bado namsubiri wangu."

Leonsia angeweza kusema hapo. Mdomo ulikuwepo. Hakusema.

Wakamsafirisha kwenda Muleba, jeneza limefungwa. Shemeji yake, Osward, mdogo wake Rugambwa, ndiye aliyekuwa mkubwa wa kibanja. Kaburi likachimbwa kando ya la baba. Kwa ada ya ukoo ule mama ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na anasema kwa sauti anamzika nani, ili waliotangulia wasikie. Leonsia akasema, "Huyu ni Muganyizi, mtoto wangu, mpokeeni." Udongo ukagonga mbao.

Akarudi Mwanza akiwa na kitu kilichofanana na amani. Usingizi ulikuja. Watu walisema Mama Muganyizi amepokea mapenzi ya Mungu. Katika jumuiya yao ndogo, pale wanapokusanyika nyumba kwa nyumba kusali, mwenyekiti wao Prudencia alimwomba atoe ushuhuda kwa ajili ya wengine wenye majonzi. Leonsia akasimama, akasema Mungu amemnyang'anya mtoto lakini amempa kaburi, na si kila mama wa mwaloni amepewa kaburi. Watu wakafuta machozi. Na akampigia simu Selina.

"Vumilia, dada. Mungu aliyenipa mimi, na wewe atakupa."

"Amina," Selina akajibu kutoka ng'ambo ya maji.

Ndivyo kosa lilivyo. Linaanza na neno moja, halafu linajifunza kusali.

Miezi ikaenda. Ikawa adhuhuri moja Mabatini, jua limesimama wima, biashara ya kusuasua. Prudencia, ambaye nyanya zake zilikuwa jirani na ndizi za Leonsia, alikuwa anamkemea mteja.

"Unaibonyeza ndizi ya mwenzio hivyo, kaka, huo ni mkono wa mchumba?"

"Naangalia kama imekomaa, mama."

"Imekomaa kukushinda wewe. Nunua au iache ipumzike."

Watu wakacheka. Leonsia naye alikuwa anacheka alipomwona mzee mmoja mrefu, fimbo mkononi, kanzu imepauka kwa vumbi, amesimama mbele ya turubai lake na haangalii ndizi. Nyuma ya mzee alikuwa kijana aliyekonda, macho chini.

"Shikamoo, mzee," Leonsia akasema.

"Marahaba, mama. Mimi naitwa Shimba. Ni baba yake Mihayo. Na huyu ni Luhaga."

Leonsia akaishika ndizi iliyokuwa mkononi kana kwamba itamponyoka. Luhaga alikuwa amehesabiwa miongoni mwa wafu. Kumbe aliokotwa na watu wa kisiwa cha mbali, akaugua kifua muda mrefu, na alipopona mwili akaugua woga. Alikuwa mkubwa wa mtumbwi, akarudi peke yake. Angewatazamaje wazazi? Akajificha kisiwani humo, mpaka moyo ukamshinda akaenda kwa Shimba.

"Mwambie ulichoniambia," mzee akasema.

Luhaga hakuinua uso. "Mama, ile siku upepo haujaanza bado, Mihayo alikuwa anatetemeka. Alikuwa na homa. Mwalimu akavua sweta lake akampa. Mihayo akakataa, Mwalimu akamlazimisha. Akasema, vaa wewe, mimi Mhaya nina mafuta ya ndizi mwilini. Tulicheka. Ndiyo mara ya mwisho tulicheka."

"Na yeye?" Leonsia akauliza. "Mwanangu?"

"Mtumbwi ulipogeuka nilimwona ameshika dumu. Akaniita jina langu. Likaja wimbi, na baada ya hapo sikumwona, mama. Sijui. Nisingekuficha."

Mzee Shimba akaichomeka fimbo yake ardhini, akaiegemea kwa mikono yote miwili.

"Mwanangu alivunjika mguu wa kushoto, alianguka na bodaboda. Waliuwekea chuma ndani. Alibaki na kovu, la goti mpaka huku chini. Mama, sikuja kugombana na wewe. Mke wangu hajui kama nimekuja. Nauliza tu. Uliliona?"

Prudencia akaziacha nyanya zake, akaja kusimama katikati yao.

"Mzee wangu, heshima yako. Mama huyu amekwisha kuzika. Ndiyo mnamfukulia msiba sokoni, mbele ya wateja? Maiti wa majini ana makovu mengi. Nani atayajua?"

Akamgeukia Leonsia, na macho yake yakawa yanamwambia, sema hukuona, twende nyumbani.

Mlango ulikuwa wazi kabisa. Leonsia aliona jinsi ulivyokuwa rahisi. Neno moja tu, na kaburi lake lingebaki lake. Yule mzee angevuka kurudi Sengerema na fimbo yake. Alimtazama mzee, akaona kwamba yeye naye analijua hilo, na kwamba amekuja hata hivyo, mikono mitupu, akitegemea ukweli wa mtu asiyemjua.

"Nililiona," Leonsia akasema.

Prudencia akatoka katikati yao.

"Nililiona, mzee wangu, na nilijua. Nikasema ni yeye."

Shimba alitikisa kichwa polepole. Akamshika Luhaga bega, wakaondoka, na kijana alikuwa analia kimya kimya kama mtoto mdogo.

Prudencia alifunga biashara zote mbili, ya kwake na ya mwenzie, wakaondoka pamoja kuelekea Pasiansi.

"Petro alimkana Bwana," Leonsia akasema hatimaye. "Alisema simjui, kwa mtu anayemjua. Mimi nimesema namjua, kwa mtu nisiyemjua. Nani mbaya zaidi?"

"Petro alilia, Ma Leonsia, na akarudi."

"Petro alikuwa na mtu wa kumrudia. Alimkuta ufukweni amewasha moto, anachoma samaki. Mimi narudi kwa nani? Mtoto sina, na kaburi sina. Hata kumlilia sijui nimlilie vipi, kama aliyekufa au kama aliyepotea."

Prudencia alikuwa mwanamke wa maneno, na jumuiya nzima ilimtegemea kwa maneno. Sasa akaubeba tu mfuko wa Leonsia juu ya wake, wakaendelea kutembea. Pengine hiyo ndiyo faraja aliyokuwa nayo siku hiyo, na hakujifanya ana nyingine.

Leonsia alijaribu kusali wiki hizo, ikawa kama kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Kila akianza, anasikia sauti yake mwenyewe ikimwambia Selina, na wewe atakupa. Akajiuliza kama Mungu alisikia ushuhuda wake siku ile, na alikuwa na sura gani alipousikia. Usidhani aliacha kwenda kanisani. Alienda, akakaa nyuma, na watu wakaacha nafasi pembeni yake. Wengine walisema alimwiba maiti. Ni kweli alimwiba.

Kibali cha kufukua alichoomba Shimba kilipotoka, safari ikafanyika. Familia ya Shimba walikuwa na gari lao na jeneza jipya, Leonsia alikwenda na basi pamoja na Prudencia. Walivuka Kigongo juu ya daraja, Leonsia ameegemeza paji la uso kwenye kioo, maji yako chini pande zote mbili, mengi, yametulia, hayana alama. Zamani, wakati wa kivuko, mtu alikuwa na nafasi ya kuyazoea maji kabla hajafika ng'ambo. Sasa kufumba na kufumbua uko Busisi.

Kibanjani walimkuta Osward na wanaume wa ukoo wamekusanyika, nyuso zimekunjamana. Fedheha ilikuwa yao wote. Mwenye mamlaka akasoma karatasi yake, majembe yakaanza. Haikuchukua muda kujulikana. Chuma kilikuwepo, kimelala kwenye mfupa wa mguu wa kushoto, kinang'aa kuliko kitu chochote mle ndani.

Selina hakupiga ukelele. Alikaa chini palepale kwenye majani makavu ya migomba. Leonsia akamwendea, akapiga magoti mbele yake.

"Nisamehe, dada yangu."

Selina akamtazama.

"Uliponipigia simu," akasema, "ukaniambia Mungu atakupa, nilikuwa nalishika neno lako kila nikipiga magoti. Nilikuwa namwambia Mungu, mpe Leonsia thawabu, anakumbuka wengine."

"Nisamehe."

"Iko siku. Leo siwezi."

Akainuka, akaenda kukaa garini karibu na jeneza la mwanawe. Na Leonsia akabaki amepiga magoti, kwa sababu jibu lile lilikuwa la haki.

Sasa lilibaki shimo. Na hapo ndipo Osward akatoa amri, na wanaume wawili wakaleta gogo la mgomba, limekatwa urefu wa mtu, limevikwa shuka nyeupe. Ni ada yao. Mtu wa ukoo akipotea majini asionekane, huzikwa mgomba mahali pake, na msiba unakwisha.

"Kaburi lililofunguliwa halifungwi tupu, Leonsia," Osward akasema. "Litaita mwingine. Simama hapa, tupa udongo, sema yale maneno. Tumalize."

Gogo likawekwa ukingoni. Lilikuwa na umbo, kwa kweli. Lilikuwa na mabega. Leonsia akaliangalia, na tamaa ile ile ya chumba cha maiti ikampanda kifuani, ile tamaa ya kuwa na mahali pa kuinamia. Kando kulikuwa na kaburi la Rugambwa. Angeweza kuwaweka wawili pamoja, na siku yake ikifika akalala kati yao. Aliokota udongo. Wanaume wakavua kofia.

"Huyu ni," akasema, kisha akanyamaza.

"Malizia, shemeji."

Akaufumbua mkono, udongo ukamwagika miguuni pake mwenyewe.

"Siwezi, Ta Osward."

"Huwezi nini?"

"Mdomo huu umeshazika mtoto wa watu. Siuazimi tena."

"Kwa hiyo unasema yuko hai?"

"Sisemi yuko hai."

"Basi amekufa."

"Sisemi amekufa. Sijui. Hilo ndilo neno nililotakiwa kulisema kule Mwanza, likanishinda kulibeba. Sijui alipo."

"Sijui haizikiki, Leonsia."

"Ndiyo. Haizikiki."

"Na shimo likimwita mtu wa ukoo wangu?"

"Liniite mimi."

Osward alitema mate pembeni, akaitupa koleo chini. Akasema mwanamke huyu amemzika mgeni katika kibanja cha baba zake, na sasa anakataa kumzika mtoto wake mwenyewe, na kwamba yeye amemaliza. Akaenda zake nyumbani, na wanaume wengine wakamfuata mmoja mmoja, maana hakuna aliyetaka kufunga shimo tupu. Alibaki Leonsia, na Prudencia, na gogo limelala ukingoni na shuka yake.

Mzee Shimba alikuwa tayari ameingiza mguu mmoja garini. Akautoa. Akarudi polepole kwa fimbo yake, akaiegemeza kwenye mgomba, akaokota ile koleo ya Osward.

"Mzee, acha," Leonsia akasema. "Wewe umefiwa."

"Shimo hili limemtunza mwanangu miezi yote hii," Shimba akasema. "Nalifunga mimi. Mimi si wa ukoo wenu, halitaniita."

Akatupa udongo, kisha tena. Alikuwa anahema. Prudencia akachukua jembe, akamsaidia. Baada ya muda mzee akapumzika, akaegemea mpini wa koleo.

"Nitakwambia jambo moja, mama, na sikwambii ili kukupunguzia, maana ulichofanya ni kibaya. Mke wangu ameumia, na mimi nimeumia. Lakini nimekuwa nawaza njiani. Mwanangu alikufa amevaa sweta alilopewa na mwanao. Akazikwa na mama, akaliliwa na mama, kanisa likaimba. Wangapi maji yanawatupa huko visiwani, wanafukiwa na watu wasiojua hata jina? Mungu hakuwa kipofu pale ulipodanganya. Alimtazama Mihayo wangu. Sasa huyo wako, sijui ni nani anamtazama. Labda samaki. Labda watu wema. Lakini Mungu aliyemwona wangu chini ya jina la mtu mwingine, atashindwa kumwona wako asiye na kaburi?"

Shimba akamalizia udongo, akausawazisha kwa mgongo wa koleo, akachukua fimbo yake, akaenda. Gari likaondoka na jeneza. Selina hakuangalia nyuma.

Ndipo Leonsia akapiga magoti tena, hapo kwenye udongo mbichi usio na mtu chini yake. Maneno yake Prudencia aliyasikia, na baadaye aliyarudia kwa wachache, kwa ruhusa ya Leonsia.

"Bwana, mimi sijui alipo. Nilisema najua, nikamuumiza mwenzangu. Wewe unajua. Kama hutaki kuniambia, usiniambie. Ila usimwache."

Basi. Hakuwa na sala nyingine, na wala haikuwa nzuri. Akangoja kidogo, kama mtu anavyongoja akishapiga hodi. Hakuja mtu kumwambia mtoto amepatikana. Moyo wake haukuwa mwepesi. Alijua atarudi Pasiansi, atalala akisikia maji, na kila simu itakayolia itamkata maini mpaka mwisho wa maisha yake. Ukimtafuta leo Mabatini utamkuta hivyo. Wewe uliyekosea na hujui kesho yako, usimwendee kutafuta mtu aliyepona. Nenda ukamwone mtu ambaye hajajibiwa na bado anamwachia Mungu asichokijua, kila asubuhi, kwa meno yaliyoumana.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka nyuma ya mibuni. Annet, mke wa Osward, akaja kutoka jikoni, amekwepa macho ya mumewe, na sahani ya ndizi na maharage ameifunika kwa jani.

"Kula, dada. Hujala tangu jana."

"Shemeji atakugombeza."

"Atagombeza akiwa ameshiba. Kula."

Leonsia akala kidogo. Kisha akainuka, akaliendea lile gogo, akaifungua shuka nyeupe, akaikung'uta, akamrudishia Annet, maana ilikuwa shuka nzuri. Wakalikata gogo vipande, wao wanawake watatu, wakawapelekea mbuzi.